Shokola ya Mkamwana

Sahani ilipofika mbele ya Élisabeth, aliisukuma kwa mgongo wa mkono. Hakuguna, hakukunja uso. Aliisukuma tu, taratibu, kama mtu anayemwondoa kuku mezani, na taabu zote zilizoiangukia nyumba yake mwezi ule zilitoka hapo, kwenye kitendo ambacho hata yeye mwenyewe hakukifikiria mara mbili.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, uani kwa Claudette, hapo Rugenge, mtaa wa Uvira, wanapokutana akina mama wa parokia. Kila Jumapili nyumba moja huleta cha kutafuna, na siku hiyo zamu ilikuwa ya nyumba ya Élisabeth. Mkamwana wake, Dorine, alikuwa ameleta shokola yake ya kuvunja, ile iliyoanza kumpatia jina mpaka bandarini Kalundu: nyembamba, nyeusi, inayong'aa, imepambwa kwa nanasi na embe alizozikausha mwenyewe juani, na karanga hapa na pale. Haikatwi kwa kisu. Inapigwa kwa mpini wa kisu, inapasuka inavyotaka, na kila mtu anachagua pande lake huku akijifanya hakuchagua kubwa.

Dorine alikuwa amefanya kama inavyopasa. Watu wa sehemu zile, wa mjini na wa bondeni, wanaogopa sumu ya kupewa mkononi kuliko wanavyoogopa risasi, kwa hiyo anayeleta chakula hukionja kwanza mbele ya macho ya wote. Dorine alimega pembe, akatafuna, akameza, akafungua mdomo akicheka ili waone. Ndipo sahani ikatembea. Na sahani ikishaonjwa, kuikataa si kukosa hamu. Ni kusema jambo.

"Mama Achille, haukule?" Claudette akauliza.

"Nimeshiba."

"Umeshibia wapi, na siye wote tunatoka kanisani?"

Wanawake wakacheka, kisha kicheko kikakosa pa kwenda. Claudette alikuwa na pande lake mkononi. Akalitazama upande huu na upande ule, akalirudisha kwenye sahani polepole, akajifuta vidole kwenye kitenge. Aliyekaa karibu naye akafanya vivyo hivyo. Dorine alisimama katikati ya ua ameshika ile sahani, na tabasamu lake likabaki usoni muda mrefu baada ya yeye mwenyewe kuliacha.

Ukweli ulikuwa mdogo na wa kipumbavu. Kwenye Kwaresima, nesi wa kituo cha afya alimtoboa Élisabeth kidole, akatazama kidude chake, akamwambia ana ugonjwa wa sukari. Élisabeth alitaka kucheka. Sukari gani, katika nyumba inayokula bukari ya muhogo na visamaki vya ndagala mara moja kwa siku? Huo si ugonjwa wa wanene, wa wenye magari? Lakini alikuwa amekonda, na kila saa alikuwa chooni, na alijua mtaa utasema nini juu ya mjane anayekonda. Akanunua vidonge kwa siri kwa pesa ambazo Dorine humpa za sabuni, akavificha ndani ya mto, akafunga mdomo. Pale uani kwa Claudette alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu. Hakulisema. Alitazama chini, akalaza mkunjo wa kitenge chake, akaacha wafikiri wanachofikiri.

Na walifikiri upesi.

Claudette alikuwa na frigo, na shokola bila frigo katika joto la Uvira ni uji. Kila Dorine alipomaliza kumimina kwenye sinia, alivuka barabara na kuiweka kule, kati ya chupa za bia na samaki, na Claudette alichukua fungu lake kwenye mauzo. Jumanne Dorine alivuka na sinia, akarudi nalo.

"Anasema frigo imejaa," alisema.

"Labda imejaa," alisema Élisabeth.

"Niliona ndani. Kulikuwa chupa mbili."

Achille, mwanawe Élisabeth na mume wa Dorine, alikuwa ameketi kizingitini akitoa kibanzi kwenye kiganja. Alikuwa mpakuaji wa mizigo bandarini Kalundu, kazi ya kuvunja mgongo siku ambazo kuna mashua, na siku hizi mashua zilikuja zilipotaka. Kodi ya nyumba, karo, mkaa, vyote vilikuwa vikitoka kwenye sinia lile. Yeye alijua, na hakupenda kukumbushwa, na mke wake hakuwahi kumkumbusha.

Siku iliyofuata akaja Fabiola, msichana aliyekuwa karibu kufunga ndoa. Alikuwa ameagiza shokola ya wageni wote wa arusi yake, na malipo ya kwanza alishatoa. Alisimama nje ya mlango, hakukubali kiti, hakukubali hata maji.

"Minye sina shida na weye, Dorine. Ni mama yangu. Anasema nikufanyie komande siku ingine."

"Siku gani?"

"Siku ingine tu."

Dorine akamrudishia pesa zake. Zilikuwa zimeshageuka magunia ya kakao kutoka kaskazini, kwa hiyo alikopa kwa jirani ili kuzirudisha, na jirani mwenyewe alimpa kwa kunyoosha mkono mbali, kama anayelisha mbwa asiyemfahamu. Kisha duka la karibu na stendi ya moto, zile pikipiki za abiria, likarudisha mzigo mzima, vipande vimeanza kulainika ndani ya karatasi. Neno lilikuwa limezunguka mtaa wote na kurudi nyumbani: hata mamamkwe wake hali kutoka mkononi mwake. Nani amjue kuliko yule anayelala naye nyumba moja?

Élisabeth alisikia yote hayo akiwa ndani, akichambua mboga za lengalenga zilizokwisha kuchambuliwa.

"Mama," Dorine alimwambia siku ile, naye hakupandisha sauti. "Kwa nini haukukula?"

"Nilikuambia. Sikuwa na njaa."

"Shokola, hakuna mwenye anaikula juu ya njaa."

"Bon, sasa utanichapa?"

"Batu bananiita mulozi. Banaita mama ya mujukuu wako mulozi, na weye unanyamaza. Achille naye ananyamaza. Munanyamaza wote, nyumba muzima."

Achille akasema, "Batasahau." Ni neno la wanaume waliochoka, na halijawahi kumsaidia mwanamke yeyote.

Dorine akamfunga mtoto mgongoni. Irankunda alikuwa ameanza tu kusema maneno, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "bibi". Alilisema mpaka walipopotea kwenye kona. Walikwenda Mutarule, kijiji cha bondeni, kwa baba yake Dorine, na mtaa mzima uliwatazama wakienda, na hakuna aliyeuliza wanakwenda wapi.

Wiki tatu zilipita ndipo Achille akaenda kuwafuata, peke yake. Alirudi jioni ileile, viatu vina vumbi la bonde, akakaa kitandani bila kuvivua.

"Mzee Ngendakumana anasema minye sikufanya kosa, kwa hiyo minye siwezi kuomba musamaha. Anataka mwenye alisukuma sahani."

"Nitaenda. Nitapeleka bia, kama banavyofanya."

"Hataki bia." Achille alikuwa akiongea na sakafu. "Anasema ulete kile ulikatala. Shokola. Utengeneze weye mwenyewe, na mukono yako."

Élisabeth hakulala vizuri, lakini hilo halikuwa jipya. Asubuhi alifungua gunia la kakao.

Alikuwa amemtazama Dorine akiifanya kazi ile mara nyingi, na anayetazama kila siku hujidanganya kwamba anajua. Alikaanga mbegu mpaka chumba kikanuka vizuri, akaendelea kuzikaanga mpaka kikanuka vibaya. Aliambua maganda, akatwanga, akasaga kwa ile mashini ya mkono, akasaga tena, bega likawa si lake. Aliyeyusha juu ya sufuria ya maji ya moto kama alivyoona, akatia sukari na maziwa ya unga, ikawa laini, akafurahi. Ndipo akachovya mwiko aliotoka kuusuuza. Matone machache tu ya maji, na ule uji mzuri ukakakamaa mabonge mabonge kama udongo wa kufinyangia. Alikoroga, akakoroga, akautukana. Hakuna aliyemwambia kwamba shokola na maji haviivani. Mwenye kumwambia alikuwa Mutarule.

Akaanza upya. Alikausha kila kitu kwa kitambaa, hata vidole. Mara hii ilimiminika. Nanasi kavu la Dorine lilikuwa bado ndani ya kopo; alilitawanya juu, akatia na embe, mengi kupita kiasi, kwa nia ya kupendeza. Frigo ya Claudette hakuwa na uso wa kuiomba, basi aliliweka sinia juu ya beseni la maji ya kisimani, akawa anayabadilisha maji kila yalipopata joto, siku nzima, ameketi kwenye kigoda kama mlinzi wa benki. Ikaganda. Ilikuwa nyeusi, na iling'aa kidogo. Hakuionja. Aliifunga ndani ya karatasi, na juu ya karatasi kitambaa safi, na Jumamosi yeye na Achille wakapanda moto kuelekea bondeni, kifurushi kikiwa mapajani mwake na jua likiwa juu ya vyote.

Mzee Ngendakumana aliwapokea barazani. Alikuwa mkulima wa mpunga, mguu mmoja umevimba tangu zamani, mtu wa maneno machache kwa sababu maneno mengi aliyaacha kwa dada yake. Dada huyo, Libérate, shangazi yake Dorine, alikuwa ameketi kando yake kama hakimu. Dorine alisimama mlangoni, mtoto mgongoni amelala. Aliamkia. Hakukaribia.

"Tunakushukuru kwa kufika, mama," alisema mzee. "Barabara ilikuwa muzuri?"

"Ilikuwa muzuri."

"Si kweli. Barabara yetu haikuwa muzuri hata siku moja. Lakini tunashukuru."

Élisabeth alipiga magoti, kwa shida, akaweka kifurushi juu ya meza ndogo. Alikuwa ametayarisha maneno njiani, kuhusu umri na usahaulifu na ulimi wa wanawake wa mtaani. Akafungua kitambaa, akafungua karatasi, na maneno yakamkauka.

Shokola haikuwa nyeusi tena. Uso wake wote ulikuwa umepakwa weupe, vumbi laini la rangi ya majivu, lililoingia mpaka kwenye mikunjo ya nanasi.

Libérate aliinama. Alinyoosha kidole, akakirudisha bila kugusa.

"Hii bunga ni ya nini?"

"Sijui," alisema Élisabeth, na ulikuwa ukweli.

"Unaleta kitu kwa batu, umekitengeneza na mukono yako, na haujui ni nini iko juu?"

"Alhamisi haikuwa na kitu. Ilikuwa muzuri. Achille aliiona."

"Niliiona," alisema Achille. Wakamtazama, akatazama viatu vyake.

Kimya kile Élisabeth alikijua. Alishakisikia uani kwa Claudette, ila siku ile alikuwa upande wake mwingine, upande ulio salama. Sasa kilimjia yeye usoni. Alimtazama Dorine. Dorine alikuwa akiitazama shokola, kwa makini, jinsi fundi anavyotazama kazi ya mtu mwingine, kisha akainua macho, akamtazama mamamkwe wake, na hakusema neno.

"Basi onja, mama," alisema mzee kwa upole. "Njo desturi."

Élisabeth akachukua kipande cha pembeni, akala. Alikuwa hajatia kitu kitamu mdomoni tangu Kwaresima. Kilikuwa kichungu mwishoni, kwa zile mbegu zilizoungua, na katikati kilikuwa na chengachenga za sukari isiyoyeyuka, na bado kilikuwa kitamu, kitamu mno, mate yakamjaa, na aliona haya kwamba mbele ya watu wanaomshuku kwa sumu ulimi wake ulikuwa unafurahi.

"Hicho alichagua mwenyewe," alisema Libérate. Akachukua ncha ya kanga yake, akashika kwayo kipande cha katikati, kile chenye weupe mwingi kuliko vyote. "Na hiki."

Élisabeth akala hicho.

"Na hiki ya chini."

"Shangazi!" alisema Achille.

"Weye nyamaza. Mutoto wetu bamemuita mulozi Rugenge muzima, haukuongea. Leo njo unajua kuongea?"

Élisabeth akala cha tatu. Alikitafuna chote mbele ya macho yao, na alijivunia hilo, kwa kuwa hakubakiwa na kingine cha kujivunia. Walisubiri. Mzee aliuliza habari za mashua, Achille akajibu. Walipoona ameketi tu, hajaanguka, mzee akachukua pande lake, akatafuna, akasema ni ngumu lakini iko muzuri. Libérate naye akala, mapande makubwa, bila kuona aibu yoyote.

"Kwa upande yangu imeisha," alisema mzee. "Sasa mwenyewe Dorine aseme."

Dorine alisema anataka kuongea na mama peke yake.

Walisimama nyuma ya jiko, palipoanikwa mihogo. Élisabeth alikuwa ameshakwenda chooni mara moja na alikuwa na kiu ya kutisha. Aliomba maji, akanywa kikombe, akaomba kingine.

"Ile bweupe ni joto," alisema Dorine. "Shokola ikiyeyuka na ikaganda tena, mafuta yake inatoka inje. Inafanana bunga. Haina kitu."

Élisabeth akashusha kikombe. "Ulijua?"

"Tangu unafungua."

"Ulijua, na ukasimama pale, banavyonilisha kama mwizi?"

"Ndiyo."

"Ungesema neno moja!"

"Na weye, mama? Ile siku ulisema?"

Élisabeth akatafuta mahali pa kukaa. Hapakuwa na mahali, akaegemea ukuta wa jiko. Alikuwa amechoka. Si kuchoka kwa safari. Ni kule kuchoka kwa mtu aliyebeba kitu kizito kisicho na mpini, akibadilisha mkono na mkono, asiweze kukiweka chini. Mwisho wake aliona hakuna faida tena.

"Nina maladi ya sukari," alisema. "Tangu Kwaresima. Dawa iko mu muto. Nilikuwa nainunua na zile franga za sabuni, zenye unanipatiaka."

Dorine alimtazama. Alitazama mikono yake iliyokonda, kile kikombe, njia ya chooni, na uso wake ukabadilika mara kadhaa.

"Na umekula sasa hivi vipande tatu?"

"Ningefanya nini?"

"Ungesema! Mama, ungesema!" Sauti ilimpanda mpaka mtoto akashtuka mgongoni. Dorine akawa anayumba kidogo kumbembeleza, huku machozi ya hasira yakimtoka. "Mwezi muzima. Minye nalala nafikiri, huyu mama aliona nini kwangu? Nilimufanyia nini? Naangalia mikono yangu, mama. Mikono yangu mwenyewe. Kumbe ni vidonge mu muto!"

"Batu bangesema niko na ile ugonjwa ingine. Bangesema mujane—"

"Basi ukaona heri baseme minye mulozi."

Élisabeth alitaka kukataa. Alifungua mdomo. Lakini ndivyo ilivyokuwa, hivyo hivyo, hata kama hakuwahi kuipanga kichwani kwa maneno. Alikuwa amepima aibu yake na jina la yule binti, akatoa jina la binti. Alilia, naye hakuwa mwanamke wa kulia. Dorine hakumshika, ila hakuondoka.

"Turudi nyumbani," Élisabeth alisema baadaye. "Nimekula. Bote bameona."

"Bameona hapa Mutarule. Hapa hakuna mwenye ananunua shokola, mama. Benye balikuona unasukuma sahani beko Rugenge." Dorine alijifuta uso kwa kiganja. "Haya maneno umeniambia minye, uyaseme kwabo. Si kesho, Jumapili ingine, kwa Claudette. Nitakuja na sahani. Mutoto atabaki hapa kwanza."

"Mutoto nirudi naye leo, baba yake amubebe—"

"Atabaki. Nikisikia umesema, tutaona."

Jumapili ya wiki iliyofuata ua wa Claudette ulijaa. Neno lilikuwa limevuja kwamba Dorine amerudi na sahani yake, na wengine walikuja ambao kwa kawaida huumwa kichwa baada ya misa. Dorine alikuwa ametengeneza usiku kucha kwa barafu aliyonunua kwa wauza samaki wa Kalundu, na shokola yake iling'aa, nyembamba, nanasi limepangwa kwa mkono usio na haraka. Aliiweka mezani. Akavunja, akaonja, akameza. Hakucheka safari hii. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Élisabeth akasimama. Kwa vile alikuwa hajawahi kusimama kwenye mkutano ule isipokuwa kwa sala, macho yote yalimwelekea.

"Ile siku sikukula," alisema. "Si juu ya mukono ya Dorine. Nesi alinipima, niko na maladi ya sukari. Nilipata haya kusema. Nikaacha mutoto ya batu abebe. Muniangalie vile nimekonda. Ni hiyo. Dorine hana kosa."

Akabaki amesimama, hakujua kama inaruhusiwa kukaa.

Kulikuwa na minong'ono. Mmoja alisema pole. Mwingine, nyuma, alisema sukari na ndagala vinakutana wapi, na mtu akacheka puani. Claudette alikuwa ameshika tama. Si mwanamke mbaya, Claudette. Alikuwa na frigo moja na wateja ambao wangeweza kuhama kwa neno moja, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudisha kipande. Kama Dorine ni safi, basi yeye ni nini?

"Tumesikia," alisema. "Lakini Mama Achille, muntu anaweza kusema kitu juu mwana wake amemulazimisha. Kula kidogo tu. Kiloko. Tuone na macho, ikuwe imeisha."

"Amesema iko mugonjwa," alisema yule aliyesema pole.

"Kiloko haiue muntu. Ama inaua?"

Swali likakaa juu ya meza. Wote waligeuka kumtazama Élisabeth, na yeye aliitazama sahani. Aliona kodi ya nyumba humo. Aliona arusi ya Fabiola, na mtoto akiwa Mutarule, akiita wengine bibi. Alishakula vipande vitatu kwa ajili ya wasionunua. Kimoja kwa ajili ya wanunuzi kilikuwa kitu gani? Siku mbili alikuwa ameumwa baada ya vile, kichwa kizito, macho yana ukungu, na nesi alimgombeza mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Akanyoosha mkono.

Sahani ikaondoka.

Dorine alikuwa ameivuta. Aliishika kifuani kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa umekauka.

"Hakule," alisema.

"Dorine, ni juu yako tunafanya hivi," alisema Claudette. "Akikula, frigo iko wazi kesho. Minye mwenyewe nitanunua ya kwanza."

"Nimesikia. Hakule."

"Mama, acha," alinong'ona Élisabeth. Hakuwahi kumwita hivyo. "Acha nikule, turudi nyumbani."

"Hapana." Dorine aliwageukia wengine, na sauti yake ilikuwa imechoka kama ya wote waliokuwa pale. "Mwezi muzima nilikuwa naomba Mungu huyu mama akule mbele yenu. Mara moja tu. Leo amesema iko mugonjwa na munataka kumuona anakula. Basi bakieni hivyo. Mwenye ananiogopa aniogope."

Akafunika sahani kwa kitambaa. Hakuna aliyemzuia. Yule mwanamke wa pole alinyanyuka nusu, akatazama upande wa Claudette, akaketi tena.

Walitoka wawili. Achille alikuwa akiwangoja kando ya barabara; alitazama sahani, ikiwa imejaa vilevile, akajua. Walitembea. Vumbi la moto liliwapita. Mbele ya duka la simu Élisabeth alisimama kupumua, mkono ukutani.

"Umemeza dawa ya asubuhi?" aliuliza Dorine.

"Bado. Nilisahau, juu ya hofu."

"Kuanzia leo itakaa juu ya meza. Si mu muto."

"Lakini tutakula nini, Dorine? Umeona vile bameketi."

"Sijui," alisema Dorine. Alimpa Achille sahani, akatoa simu kwenye pindo la kitenge, akapiga na kungoja, akiwa amelipa jua mgongo. Ilipopokelewa alisema salamu zote, moja baada ya nyingine, hakuruka hata moja.

"Ndiyo, baba," alisema. "Amesema. Bote bamebisha, lakini amesema. Kesho mumulete mutoto kwa bibi yake."